Dondoo muhimu: Kutoka Kasongo na Kabambare hadi Kinshasa kwa ndege

Kutoka Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema unakopandia ndege, hadi Kinshasa ni takriban kilomita 1,170 angani. Kwa ndege kubwa ya jeti, gawa kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua: saa mbili hivi.

Lakini tiketi huandika saa za mahali, na Maniema iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ukiruka Kindu 9:00, utashuka Kinshasa 10:00. Wakati wa kurudi, ukiondoka 9:00 utafika 12:00. Mwambie mapema atakayekupokea, msije mkapishana.

Kasongo hadi Kindu ni kama kilomita 185 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya injini moja, ikipatikana, haimalizi saa nzima. Humo kila kilo huhesabiwa, hata wewe unaweza kupandishwa mizani. Gunia la mchele wa ndugu litafutie njia nyingine.

Kwa pikipiki ni habari tofauti kabisa. Anayetoka Kabambare ana zaidi ya kilomita 115 kabla ya kuiona Kasongo. Kwa kuwa njiani unaweza kuchelewa, lala Kindu usiku mmoja kabla ya ndege. Msimu wa mvua, lala siku mbili.