Cheni na Sproketi za Pikipiki: Pima, Chagua, Badilisha

Pikipiki inayopandisha abiria au magunia kutoka Kaoze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, hadi Sumbawanga juu ya uwanda wa Ufipa huitegemea cheni moja. Cheni hiyo ikikatika katika mteremko wa kurudi bondeni, injini haisaidii tena kupunguza mwendo, na kipande kilichonasa chaweza kulizuia gurudumu la nyuma ghafla. Ndiyo maana tunamshauri kila mlaji aipime cheni yake kabla ya kwenda dukani.

Kupima uchakavu

Zima injini, iache ipoe, kisha weka gia huru. Safisha cheni, ikaze kwa kuivuta, na upime pini 21 zinazofuatana, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho. Cheni namba 428, inayotumika katika pikipiki nyingi za cc 125 na 150, ikiwa mpya huwa na milimita 254 kwa kipimo hicho. Ikifika milimita 259, imekwisha. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kikomo kidogo zaidi, kifuate. Tazama pia meno ya sproketi: yakichongoka au kuinama upande mmoja kama ya msumeno, yamelika.

Kuchagua

Nunua seti nzima: cheni, sproketi ndogo ya mbele na sproketi kubwa ya nyuma. Cheni mpya ikifungwa juu ya meno yaliyolika huchakaa upesi, hivyo fedha iliyookolewa leo hutumika mapema kununua cheni nyingine.

Nenda na vipuri vya zamani, ulinganishe mambo matatu:

1. Namba iliyogongwa ubavuni mwa cheni. Namba 420 na 428 zina umbali uleule wa milimita 12.7 kati ya pini, lakini 420 ni nyembamba na haiketi ipasavyo kwenye sproketi ya 428.
2. Idadi ya viungo. Cheni ya kawaida yenye klipu moja huwa na idadi shufwa.
3. Idadi ya meno. Ukiongeza jino moja mbele, mwendo huongezeka, lakini nguvu ya kupanda mlima hupungua.

Kufunga

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare. Legeza nati ya ekseli ya nyuma, ondoa klipu na cheni, kisha badilisha sproketi zote mbili. Pitisha cheni mpya na ufunge klipu. Ikiwa sehemu ya juu ya cheni, ncha yake isiyo na mwanya itazame mbele. Linganisha alama za marekebisho kulia na kushoto. Pikipiki ndogo nyingi huhitaji mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni, upande wa chini. Kibandiko cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Kaza nati, rekebisha breki ya nyuma, na uzungushe gurudumu kwa mkono. Usiwashe injini vidole vikiwa karibu na cheni.

Haki yako

Dai risiti, na utunze kasha pamoja na vipuri vya zamani. Kasha lisilo na jina la mtengenezaji, au lenye namba isiyofanana na iliyogongwa kwenye cheni, likataliwe dukani. Ukishuku kuwa umeuziwa bidhaa bandia, peleka taarifa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Risiti na kasha ndivyo ushahidi wako.