Kufundisha Bei Isiyoonekana: Michezo ya Simu katika Somo la Hisabati, Darasa la Tano

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Ilala hukutana na watoto wanaolijua soko kabla hawajajua vizuri kugawanya. Mtoto wa Kariakoo au Gerezani akitumwa nyanya huuliza bei, huomba apunguziwe, na huhesabu chenji kabla ya kuondoka penye meza ya muuzaji. Lakini mtoto huyo huyo akishika simu ya mzazi na kufungua mchezo ulioandikwa kuwa ni wa bure, aghalabu huyasahau maswali hayo yote. Makala haya yaeleza namna ya kuyarudisha maswali ya sokoni mahali yalipopotea, kwa kipindi kimoja cha Hisabati cha dakika 40.

Tuanze na kisa tulichokibuni, ambacho mwalimu aweza kuwasimulia wanafunzi wake. Mama mmoja huuza mihogo ya kukaanga karibu na soko. Jioni humwachia mwanawe simu. Mtoto hujenga mji katika mchezo. Siku ya kwanza nyumba zilikwisha kwa sekunde chache. Wiki ya tatu mnara mmoja wahitaji kungojwa siku mbili. Mtoto alikasirika, akaitupa simu kitandani, kisha akairudia. Kando ya saa ya kungoja palikuwa na kitufe: maliza sasa kwa vito 60. Namba ya siri ya mama aliijua, kwa kuwa ndiye amsomeaye ujumbe wa fedha. Alfajiri mama alipotaka kununua mihogo, mtaji haukutosha.

Kuchukua fedha bila ruhusa ni kosa, na mtoto hana budi kuambiwa hivyo. Hata hivyo, mwalimu akiishia kwenye adhabu, mtoto hatakuwa amejua aliuziwa nini. Kesho atauziwa tena, pengine kwa fedha zake mwenyewe.

Mambo ambayo mwalimu ayajue kwanza

1. Chanzo cha hasira. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, mchezaji husimama kwa sababu amefungwa au kwa sababu ni zamu ya mwenziwe. Kizuizi chatoka kwa mchezaji mwingine, na dawa yake ni kujifunza kucheza vizuri zaidi. Katika michezo mingi ya simu mambo ni tofauti. Katika Candy Crush Saga, iliyotolewa mwaka 2012, mchezaji ana uhai 5, na kila uhai uliopotea hurudi baada ya dakika 30. Katika Clash of Clans, iliyotolewa mwaka huo huo na kampuni ya Supercell ya Finland, muda wa ujenzi huanza kwa sekunde na kuongezeka kadiri mji unavyokua, hata kufikia siku kadhaa. Hapana fundi anayechanganya saruji wakati huo wote. Ni saa tu iliyowekwa na mwenye mchezo. Aliyefunga mlango ndiye auzaye ufunguo. Mtoto husimamishwa hasa wakati hamu yake imepanda, naye anajua kuwa fedha zingemwondolea kizuizi mara moja. Hasira yake ina sababu, wala si utundu mtupu.

2. Fedha hubadilishwa sura. Shilingi hugeuzwa kwanza kuwa vito au almasi, nazo huuzwa kwa mafungu. Mtoto aonapo "vito 60" haoni shilingi, na masalio ya fungu hayarudishwi mkononi mwake.

3. Haki ya muuzaji. Kutengeneza mchezo ni kazi, na mfanyakazi hustahili ujira. Wachezaji wengi hawalipi chochote. Wachache wanaolipa ndio wanaouendesha mchezo. Kwa hiyo tusimfundishe mtoto kwamba kuuza ni dhambi. Tumfundishe kwamba bei yapasa ionekane. Mwaka 2014 mamlaka ya kusimamia matangazo nchini Uingereza iliamua kwamba tangazo la mchezo wa Dungeon Keeper lilipotosha watu kwa kuuita wa bure, ilhali saa za kungoja ziliubana mno kwa asiyenunua vito. Mwaka huo huo kampuni ya Apple ilikubaliana na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kurudisha si chini ya dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya michezo bila idhini. Ilionekana kwamba mzazi akiisha kuandika neno la siri mara moja, kwa dakika 15 mtoto aliweza kuendelea kununua bila kuulizwa tena. Ikiwa watu wazima walihadaika, tusishangae mtoto wa miaka kumi na mmoja akihadaika.

Andalio la somo

Shabaha: Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kubadili dakika kuwa saa, kukokotoa bei halisi ya kitu kinachouzwa kwa vito, na kueleza kwa maneno yake kile kinachouzwa katika mchezo wa bure.

Vifaa: Vifuniko 5 vya soda kwa kila kundi, saa, ubao na chaki. Simu haihitajiki, wala isiletwe darasani.

Hatua ya 1: Maswali ya sokoni (dakika 6). Waulize wanafunzi wanachouliza kabla na baada ya kununua kitu. Kutokana na majibu yao, andika ubaoni maswali matatu: Nauziwa nini? Ni bei gani? Chenji yangu iko wapi?

Hatua ya 2: Mchezo wa vifuniko (dakika 14). Yape makundi maswali mepesi ya kuzidisha kwa kichwa, kisha yawe magumu. Kila kosa hupoteza kifuniko. Kundi lililoishiwa lingoje dakika 3 bila kujibu, huku wengine wakiendelea. Kisha liendee kundi moja linalongoja, useme: "Nipeni penseli moja, nanyi mrudi mchezoni sasa hivi." Baadhi watatoa. Simamisha mchezo, rudisha penseli mbele ya wote, na uulize: Mlijisikiaje? Nani aliwafanya mngoje? Nani aliwauzia kurudi? Wanafunzi wenyewe wataona kwamba ni mtu mmoja. Malizia kwa hesabu: ikiwa kila kifuniko hurudi baada ya dakika 30, vitano hurudi baada ya muda gani? (Dakika 150, yaani saa 2 na dakika 30.)

Hatua ya 3: Hesabu ya vito (dakika 12). Andika ubaoni: Fungu la vito 100 huuzwa shilingi 2,500. Kuharakisha mnara mmoja ni vito 60. Mtoto anaharakisha minara miwili.

Wanafunzi wakokotoe hatua kwa hatua. Bei ya kito kimoja ni shilingi 25. Bei ya mnara mmoja ni shilingi 1,500. Kwa mnara wa kwanza mtoto analipa shilingi 2,500 na kubakiwa na vito 40, visivyotosha mnara wa pili. Analipa tena shilingi 2,500. Sasa ana vito 140, anatumia 60, vinabaki 80. Amelipa shilingi 5,000, ametumia shilingi 3,000. Shilingi 2,000 zimebaki ndani ya mchezo. Hiyo ndiyo chenji yake.

Hatua ya 4: Majadiliano (dakika 8). Rudi kwenye kisa cha mama. Tuseme faida yake kwa siku ni shilingi 5,000. Minara miwili ni kazi yake ya siku ngapi? Kisha wanafunzi wayajibu maswali matatu ya ubaoni kuhusu mchezo huo. Jibu la swali la kwanza ndilo kiini cha somo: kinachouzwa si mnara, kwani mnara ungekuja wenyewe. Kinachouzwa ni kuondolewa kungoja.

Tahadhari

Usimtake mwanafunzi yeyote aungame mbele ya wenzake kwamba amewahi kuchukua fedha nyumbani. Usiitaje michezo kwa namna ya kuisifu, wala usiwadharau watoto ambao nyumbani kwao hamna simu. Somo la bei lawahusu wote. Katika mkutano wa wazazi, shauri kwamba namba ya siri isijulikane kwa watoto, na simu ipangwe kuiuliza kwa kila ununuzi.

Tathmini

Kazi ya nyumbani: mwanafunzi atafute mtaani tangazo moja lenye neno "bure", kisha ajibu maswali matatu. Atakayeleta "nunua mbili upate moja bure" na kukokotoa bei ya kila kimoja ameelewa.

Hitimisho

Wahenga walisema rahisi ghali. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi. Akili hiyo watoto wa Ilala wanayo tayari wakiwa sokoni. Kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha kwamba kioo cha simu nacho ni meza ya muuzaji.

Maswali ya majadiliano chuoni

1. Je, hasira ya mtoto aliyezuiwa na saa ya mchezo yatofautianaje na hasira ya aliyefungwa katika bao?
2. Kwa nini penseli zirudishwe mbele ya darasa zima?
3. Andaa Hatua ya 3 upya kwa Darasa la Saba, ukitumia asilimia.