Neno la Mwezi: BARN



Fomu imefika nyumbani. Mstari mmoja unauliza: *Antal barn*. Kama ulisoma Kiingereza kambini, unaweza kudhani unaulizwa una maghala mangapi ya nafaka, ukaandika 0. Kumbe watoto wako wanne wamekaa hapo hapo wanakutazama! Kwa Kiswidi, *barn* ni mtoto. Unaulizwa idadi ya watoto.

Neno limetoka wapi?
*Barn* lina shina moja na *bära*, yaani kubeba. Mtoto ni yule aliyebebwa, kama sisi tunavyosema mama amebeba mimba. Ghala la Kiingereza ni neno jingine kabisa: zamani yalikuwa maneno mawili, "nyumba ya shayiri", yakaunganishwa na kufupishwa.

Lakini Kiingereza nacho kina ndugu wa *barn*. Huko Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, mtoto bado huitwa *bairn*. Ni neno la Kiingereza cha kale lililopotea kusini. Kaskazini lilidumu, na huko ndiko Waviking wengi walikohamia kuanzia karne ya 9, wakiwa na *barn* yao. Ni kama *mtoto* wa Unguja na *mutoto* wa Bukavu: sauti mbili, neno moja.

Tulitumie
Umoja na wingi havibadiliki: *ett barn*, mtoto mmoja; *två barn*, watoto wawili. Ila *barnet* ni mtoto yule, na *barnen* ni watoto wale. Tamka karibu na "baan", ulimi ukikunjwa nyuma kidogo.

Utaliona ndani ya maneno marefu:
- *barnbarn*: mjukuu, yaani mtoto wa mtoto
- *barnvagn*: kigari cha mtoto
- *barnmorska*: mkunga
- *barnavårdscentral* (BVC): kliniki ya watoto ambao hawajaanza shule, kwa kupimwa na kuchanjwa
- *barnbidrag*: malipo ya kila mwezi ya mtoto aliye chini ya miaka 16, kutoka Försäkringskassan

Kwa hiyo barua ikiwa na *barn* usiiweke kando. Huenda ni siku ya chanjo au ni haki ya mwanao.

Zoezi
Chukua barua moja ya Kiswidi iliyoko nyumbani. Pigia mstari kila *barn*, kisha jibu kwa sauti: *Hur många barn har du?* Una watoto wangapi?