Mlima Hutoa Dalili Kabla ya Kuporomoka

Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, maporomoko ya ardhi yaliwaua zaidi ya watu 40 katika kaunti yetu ya Pokot Magharibi. Parua na Nyarkulian ni miongoni mwa vijiji vilivyofunikwa. Miezi mitano baadaye, Aprili 2020, tope na mawe yalishuka hadi kituo cha Chesegon, mpakani na Elgeyo Marakwet. Kila msimu wa mvua wakazi wa miteremkoni huuliza swali lile lile: nitajuaje kwamba wakati wa kuhama umefika?

Tuanze na kinachotokea chini ya miguu yetu. Udongo wa mlimani hulala juu ya mwamba au tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji huzama hadi pale na kukwama. Udongo unakuwa mzito, na wakati huo huo maji yaliyojaa ndani yake yanapunguza nguvu ya chembe zake kushikana. Hapo mvua ya kawaida tu inatosha kuuangusha. Ndiyo maana mvua ikikatika hatari haijaisha: maji yanaendelea kupenya chini kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, jua likiwa linawaka.

Dalili huanza ndogo. Ufa mpya ardhini au ukutani, hasa unaopanuka. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Miti au nguzo za ua zimeinama, au chemchemi imechipuka mahali palipokuwa pakavu.

Dalili ya kuogopwa zaidi ni mto kupungua ghafla huku mvua ikinyesha. Watu hufurahi wakidhani mafuriko yamepita. Huenda udongo umeziba korongo huko juu, na ukifunguka maji, mawe na magogo yatashuka kwa pamoja. Usipande kwenda kutazama. Maji yakibadilika kuwa tope zito, au ukisikia mngurumo kama wa lori usioisha, ondoka papo hapo.

Uende wapi? Toka nje ya njia ya korongo kwa kukata upande, uelekee mwinuko ulio imara. Usikimbie kuteremka kufuata mto, na usivuke daraja lililofurika. Kuacha mbuzi zizini ni uchungu, maana ndio karo ya watoto, lakini mifugo ihamishwe mapema, dalili za kwanza zinapoonekana, si usiku wa manane. Usiku ndio mgumu zaidi. Nyumba zilizo karibu na korongo zipange zamu ya kukesha mvua inapozidi.

Kuhusu kilimo, kanuni za nchi zinakataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Kupima ni rahisi: shika fimbo ya mita moja ikiwa imelala sawa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu. Ikiwa ncha ya pili iko zaidi ya sentimita 35 kutoka ardhini, hapo paachiwe miti na nyasi.

Ukiona ufa, mwambie jirani kwanza, kisha mzee wa kijiji au chifu. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana bila malipo kwa nambari 1199. Taja kijiji, mto ulio karibu na idadi ya nyumba zilizo chini ya ufa huo.