SOMO: PAKA MGENI NYUMBANI



Somo letu ni juu ya paka. Labda mwingine atacheka, "Hata paka anahitaji somo?" Ndiyo, anahitaji. Mahindi ya Julai na Agosti yakishaingia ndani, panya nao hufuata. Mama anaomba paka kwa jirani au kwa shangazi, anamleta ndani ya gunia, na kesho yake paka haonekani. Wiki moja ikipita, watu wa nyumba wamechoka. Wananunua sumu ya panya na kuiweka katika chumba kile kile watoto wanalala. Hapo ndipo hatari iko. Tukimwelewa paka katika siku zake za kwanza, atakaa, na sumu haitahitajika sana.

1. Paka huzoea mahali kabla ya kuzoea mtu

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama anayewinda peke yake katika eneo lake. Eneo hilo analijua kwa harufu. Akisugua shavu lake kwenye mlango au kwenye mguu wako, anaacha harufu yake hapo. Sasa ukimtoa Suneka ukamleta Keroka, harufu zote alizozijua zimepotea kwa siku moja. Hajui adui yuko wapi, wala pa kukimbilia. Basi akijificha chini ya kitanda, hicho siyo kiburi, siyo uvivu, wala si mambo ya uchawi. Ni hofu tu.

2. Tusome mwili wake

- Masikio yamelala nyuma, manyoya yamesimama, mboni za macho zimepanuka: anaogopa sana. Usimshike, atakukwaruza.
- Mkia unapiga huku na huku kwa nguvu: amekasirika. Mwache.
- Anakuja kwako mkia umesimama wima: anakusalimu.
- Anakutazama na kufumba macho polepole: ametulia. Nawe ukifumba hivyo, ataelewa humtakii mabaya.

3. Tufanye nini?

Vituo vinavyotunza paka walioachwa, katika nchi nyingi, hutumia kipimo rahisi: siku 3 za hofu, wiki 3 za kujifunza nyumba, miezi 3 za kujiona yuko kwao. Hii si sheria, kwa maana paka hutofautiana kama watu. Lakini inatufundisha subira.

(a) Mfungie katika chumba kimoja, kwa mfano stoo ya mahindi. Nyumba nzima ni kubwa mno kwake mwanzoni. Mwekee boksi au pembe ya kujificha.
(b) Omba kwa mwenye paka kitambaa au gunia kuukuu alilokuwa akilalia. Harufu yake itamtuliza.
(c) Mpe maji na chakula saa zile zile kila siku. Ugali kidogo na omena unafaa. Maziwa ya ng'ombe huharisha paka wengi wakubwa.
(d) Weka karai la mchanga au udongo mkavu mbali na chakula. Mama mjamzito asisafishe karai hilo, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto tumboni. Mwingine asafishe kila siku, kisha anawe mikono kwa sabuni.
(e) Watoto wasimvute kutoka mafichoni. Wakae kimya karibu naye, aje mwenyewe.
(f) Baada ya wiki 2 hadi 4, mfungulie mlango kabla ya chakula cha jioni. Akiwa na njaa kidogo atarudi.

Asipoonja kitu kwa siku 2, mwite daktari wa mifugo. Paka akikaa bila kula huweza kuharibika ini.

4. Makosa ya kawaida

Wengine husema, "Usimlishe, ndiyo ashike panya." Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Aliye na njaa ataenda kwa jirani anayempa chakula.

Pia usichanganye paka na sumu. Akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Na hata paka hodari anahitaji msaada wako: inua magunia juu ya mbao, yasiguse ukuta, na uzibe mashimo.

5. Hofu au ugonjwa?

Paka mwenye hofu hujificha, na huuma akishikwa kwa nguvu. Lakini paka aliyekuwa mpole akigeuka ghafla, akishambulia watu bila kuguswa, akitoka mate na kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Usimguse. Mwite afisa wa mifugo.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na paka wa namna hii, aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje dalili, kwa sababu dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Kenya ina mpango wa mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kufikia 2030. Sehemu yetu ni kuchanja mbwa na paka kuanzia miezi 3.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, paka wangapi walitoroka baada ya kuletwa? Walipokelewa namna gani?
2. Ni nyumba ngapi zinaweka sumu ya panya mahali mtoto anafika?
3. Nani atawafundisha watoto kuzijua dalili za mwili wa paka?

Kazi ya mwezi huu: Kila kikundi kihesabu paka na mbwa wa wanachama wake, kisha katibu amwendee afisa wa mifugo na kuomba siku moja ya kuwachanja wote pamoja. Andikeni idadi yao katika kitabu cha kikundi, na mkutano ujao tuulizane imefika wapi.