Shule ndogo, mgao mdogo

Swali: Shule yetu ya kutwa hapa Chewele ina wanafunzi 120. Mbona fedha hazitoshi, na shule ya mjini yenye 600 inajiweza?

Jibu: Ndugu yangu, serikali huhesabu vichwa. Tangu 2018 mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ametengewa shilingi 22,244 kwa mwaka, na mara nyingi hazifiki zote. Kwa 120 ni kama milioni 2.67, kwa 600, milioni 13.3. Lakini mlinzi wa usiku halipwi nusu kwa sababu madawati ni matupu, wala mwalimu wa fizikia aliyeajiriwa na bodi ya shule. Mto Tana ukifurika, familia zikihama, mgao nao huhama. Naamini kila shule ingepaswa kupewa kwanza kiasi cha msingi. Kwa sasa, hakikisheni kila mtoto ameandikishwa kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu, maana asiyemo hahesabiwi.