Programu ya Simu, Hedhi na Amana

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kikao cha kina dada cha wiki iliyopita kiliacha suala moja njiani, nami nikaahidi kuliandika hapa. Dada mmoja alitoa simu akatuonyesha programu inayohesabu siku za hedhi. Ilikuwa imemwandikia kwamba leo ameshatwahirika. Je, aoge aswali, ilhali damu bado anaiona?

Jibu la hilo si gumu. Programu huchukua wastani wa miezi iliyopita, kisha hukisia. Hukumu ya Sharia haikujengwa juu ya makisio hayo bali juu ya kile mwanamke anachokiona. Katika madhehebu ya Shafi'i, wanayoyafuata Waislamu wengi hapa Uganda, hedhi ya chini kabisa ni mchana mmoja na usiku wake, ya juu kabisa ni siku 15, na twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Basi damu ikifika siku ya nane na simu inasema saba, bado yumo hedhini.

Faida ya programu iko kwenye kumbukumbu. Anayedaiwa kadha ya Ramadhani, au aliye katika edda ya talaka anayehesabu twahara tatu, atanufaika na tarehe zilizoandikwa siku ile ile. Hata daktari huanza kwa kukuuliza ulipata lini hedhi ya mwisho, na wengi wetu tunajibu kwa kubahatisha!

Suala lililotuchelewesha mpaka Isha lilikuwa jingine: nani tena anazisoma tarehe hizo?

Mwezi Januari 2021, tume ya Marekani inayosimamia haki za watumiaji, FTC, iliishitaki kampuni yenye programu ya hedhi iitwayo Flo, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 100. Tume ilidai kwamba kampuni iliahidi kutunza siri, huku taarifa zikifika kwa Facebook, Google na wengineo. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali sharti la kuomba idhini ya mtumiaji kabla ya kumpa mwingine taarifa za afya yake.

Sasa tazameni fiqhi yetu. Imo hadithi kwa Abu Daud na Tirmidhi inayofundisha kwamba mtu akikuzungumzia jambo kisha akageuka kutazama pembeni, maneno yake yamekuwa amana kwako. Hakusema "nifichie"; kugeuza shingo kumetosha. Kwenye simu mambo yamepinduliwa: ukinyamaza ukabonyeza "Kubali", siri yako imeshatoka. Watasema umeridhia. Mimi naona, na nakaribisha kusahihishwa na walimu wangu, kwamba ridhaa ya mtu asiyejua anachokiridhia ina kasoro, kama vile mauzo ya kitu kisichojulikana yalivyo na kasoro. Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo imeziweka taarifa za afya katika fungu la pekee, pamoja na imani ya dini.

Kina kaka wasidhani hili haliwahusu. Programu za masomo nazo zimo. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza zile zilizotumika kufundishia watoto wakati wa korona katika nchi 49, likaona karibu tisa kati ya kila kumi zilihatarisha au kuvunja haki zao. Programu ya kamusi inataka orodha ya majina kwenye simu yako ili iweje? Inyime. Na ukiacha kuitumia, futa kwanza akaunti, maana kuiondoa kwenye simu pekee hakuondoi ulichokwisha kuipa.

Yule dada amehamishia tarehe zake kwenye daftari. Ameuliza pia kuhusu damu inayopita siku 15. Hilo ni mlango wa istihadha, tutaufungua Alhamisi baada ya Maghrib, insha'Allah.

Wallahu a'lam.